Uliza Jina la Kitongoji

Jirani yangu hapa Liverpool ni mwanamke wa miaka themanini na kitu. Mimi humwita Bibi, na tangu nilipomweleza maana yake hataki kuitwa vingine. Majira ya baridi yaliyopita alinikabidhi bahasha ya kaki. Macho yake, alisema, hayasomi tena mwandiko wa watu wa kale. Je, ningemsaidia kumtafuta mama wa babu yake, aliyetoka Ayalandi akiwa binti mdogo wakati wa njaa? Nilikubali upesi, kama mtu anayempokea mzee kapu njiani. Sikujua kuwa ndani ya kapu mna mawe.

Bahasha ilikuwa na cheti cha ndoa cha mwaka 1856 na picha moja iliyofifia. Zaidi ya hapo kulikuwa na neno moja tu lililorithiwa kwa mdomo: Mayo. Hiyo ni kaunti ya magharibi ya Ayalandi. Ni sawa na mtu kuniambia kwao ni Tanga. Tanga ipi? Pangani, Lushoto au Handeni?

Njaa yenyewe ilianza mwaka 1845, ugonjwa wa ukungu ulipoozesha viazi ardhini, na viazi ndivyo vilivyokuwa ugali wa maskini wa nchi ile. Hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja wamehama. Liverpool ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya karibu. Mwaka 1847 peke yake walishuka hapa karibu watu laki tatu, katika mji ambao wenyeji wake hawakufika laki nne. Wengi walipita kwenda Marekani. Waliokosa nauli walibaki, wakajazana kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na homa ya taifasi ikawafuata humo. Mapadri kumi wa mji huu walikufa mwaka ule kwa kuwahudumia wagonjwa. Maelfu ya mafukara walikamatwa wakarudishwa walikotoka kwa meli zilezile, maana sheria haikutaka mkate wa parokia za Uingereza uliwe na wageni.

Tulianza na sensa. Ile ya mwaka 1841 haikuuliza mtu amezaliwa kijiji gani; mzaliwa wa Ayalandi aliwekewa herufi I, basi. Umri wa watu wazima nao ulitakiwa kushushwa hadi kwenye tano iliyo karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 34 akawa wa 30. Sensa ya mwaka 1851 iliuliza zaidi, lakini kwa Mwayalandi karani aliridhika kuandika jina la nchi nzima. Jirani yake Mwingereza aliandikiwa parokia na kaunti. Tulimwona binti yetu humo, mtumishi wa ndani, kwao “Ayalandi”. Mwaka 1861 ni hivyohivyo. Mwaka 1871 karani mwingine, pengine msikivu zaidi, akaandika Mayo. Miaka ishirini ilipita ndipo binti yetu akapiga hatua moja kutoka nchi hadi kaunti.

Majina nayo yalikuwa na vituko vyake. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, na aliyetamka mara nyingi hakujua kusoma ili amrekebishe. Kwenye cheti cha ndoa, mahali pa sahihi ya bibi harusi pana alama ya X. Kiambishi cha O au Mac mbele ya jina la ukoo kilidondoka njiani. Wengine majina yao yalitafsiriwa kabisa: Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, akajikuta Smith, na Smith ndani ya Uingereza ni punje ya mchele ndani ya gunia. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Babu yangu aliitwa Athumani. Kwenye karatasi moja ni Osman, kwenye nyingine ni Othuman, na hakuna hata moja aliyoiandika yeye.

Nilipomwambia Bibi kwamba sasa tutazame sensa za huko Mayo, ilinibidi nijifunze habari ya moto. Mwezi wa Juni mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hifadhi ya nyaraka mjini Dublin iliteketea, na humo mlikuwa na sensa za mwaka 1821 hadi 1851. Yakanusurika mabaki machache tu. Za mwaka 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Sensa kamili ya kwanza iliyobaki ni ya mwaka 1901, na kwa wakati huo binti yetu alikuwa ameishi Liverpool zaidi ya nusu karne.

Wafanyabiashara wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Ila hata aliyeandikwa kwenye daftari hupotea, ikiwa aliyelishika hakuona sababu ya kumwuliza swali la pili.

Waliotufungulia mlango walikuwa watu wa pembeni. Katika rejesta ya ubatizo ya mtoto wa kwanza, iliyoandikwa kwa Kilatini, mama wa ubatizo aliandikwa kwa jina la ukoo lilelile la binti yetu kabla ya kuolewa. Kwenye sensa ya 1861 tukamkuta mwanamke yuleyule, mjane, akiishi nao nyumbani kama shemeji wa mwenye nyumba, safari hii akiandikwa kwa jina la marehemu mumewe. Ni dada mkubwa. Tukawa na majina mawili ya ukoo badala ya moja. Tangu mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka rejesta za parokia za Kikatoliki kwenye intaneti, bure. Baada ya majuma kadhaa ya kusoma mwandiko wa mapadri, tuliyakuta majina hayo mawili yamefunga ndoa katika parokia moja ya Mayo, na pembeni padri ameandika jina la mahali.

Waayalandi waliigawa nchi yao katika maeneo madogo zaidi ya elfu sitini, mengine yakiwa na nyumba chache tu. Sisi tungeyaita vitongoji. Wanaotafuta nasaba huko watakwambia kwamba jina la ukoo bila kitongoji halikufikishi popote. Tukakimbilia vitabu vya Griffith, vile vya tathmini ya ardhi ya mwaka 1847 hadi 1864, vinavyomtaja kila mpangaji, mwenye shamba, na thamani ya kiwanja. Kitongoji chetu kilikuwamo. Jina la familia halikuwamo. Alitajwa mwenye ardhi, na malisho. Tathmini ilifika wenyewe wameshaondoka.

Nilidhani Bibi atasikitika. Aliniomba nilitamke jina la kitongoji tena, akalirudia taratibu mara tatu. Kisha akasema baba yake alikuwa na neno alilozoea kulitaja akilewa, na wao watoto walidhani ni tusi.

Usiku ule sikulala vizuri. Babu yangu Athumani alifika Tanga kukata mkonge akitokea upande wa Kigoma, mmoja wa wale tuliowaita manamba kwa sababu mashamba yaliwahesabu kwa namba. Kipande chake cha kazi kilijua namba yake na siku alizofanya kazi. Mimi niliyemtafutia kwao mtu wa Mayo, nikiulizwa kwetu hasa ni wapi, hujibu “Kigoma”, kama yule karani wa 1871.

Asubuhi nikampigia shangazi yangu Korogwe. “Shikamoo, shangazi.” “Marahaba. Leo umenikumbuka?” Nikamwuliza. Alikaa kimya kitambo, akataja kitongoji, akataja mto uliopita karibu, akataja na rafiki aliyesafiri na babu, ambaye watoto wake wako Muheza hadi leo. Muda wote huo alikuwa anajua. Hakuna aliyemwuliza.

Kama kwenu bado yupo mtu wa namna hiyo, usingoje msiba wala sikukuu. Mwulize kitongoji, mwulize walioandamana na wazee wenu njiani, na uandike anavyotamka yeye.