Wanaona Kila Kitu, Nani Anawaona?

Mwezi ukiwa mpevu, taa za kuvulia omena hazina kazi, kwa hiyo mashua hulala ufuoni na vijana wa kisiwa chetu cha Remba hujaa kwenye banda la mpira. Mimi hupewa benchi ya mbele kwa heshima ya mvi zangu. Jumamosi moja goli liliingia, mabati yakatetemeka kwa kelele, kisha refa kule Uingereza akaweka kidole sikioni. Kimya. Picha ikasimamishwa, mstari ukachorwa, na mshambuliaji akaambiwa ameotea kwa ncha ya kiatu. Kijana aliyekuwa akirukaruka kando yangu akaketi. Mkeka wake wa kamari ulikuwa umechanika, lakini hakubisha. "Jaduong'," aliniambia, "mashine imesema."

Nimelala na maneno hayo siku nyingi.

Sisi tulifuata mpira kwa masikio. Desemba 1987, Gor Mahia ilipopambana na Esperance ya Tunisia pale Kasarani, fainali ya marudiano ya Kombe la Washindi la Afrika, tulikuwa watu wazima thelathini na kitu tumeizunguka redio moja ya betri. Kule Tunis ilikuwa 2-2, Nairobi ikawa 1-1, na kombe likabaki kwetu kwa magoli ya ugenini. Mpira wenyewe hatukuuona hata mara moja. Kila mtu alikuwa na uwanja wake kichwani, na mtangazaji ndiye aliyekuwa jicho la wote. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alikuwa na sauti ya kukufanya uinamishe kichwa kuukwepa mpira ulioko Nairobi. Tulimwamini mtangazaji kama tulivyomwamini refa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwamini.

Imani hiyo ilikuwa na gharama yake. Nilikuwa mshika kibendera katika mashindano ya bichi kwa bichi, na siku moja nilimnyooshea kibendera mtoto aliyefunga goli halali kabisa. Sikuhongwa. Tatizo lilikuwa jicho: sheria ya kuotea inakutaka uuone mguu unaotoa pasi na, papo hapo, beki wa mwisho aliye mbali na mguu huo. Jicho la mtu haliwezi kuwa mahali pawili. Lilipotoka kwenye mpira na kufika kwa beki, mshambuliaji alikuwa amekwisha kumpita. Timu yake ilitolewa. Jioni ile nilijua nimekosea, na sikumwambia. Baadaye aliacha mpira akaingia ziwani.

Ndiyo maana siwacheki vijana wanaoiamini mashine. Tarehe 27 Juni 2010, kule Bloemfontein, dunia nzima iliuona mpira wa Frank Lampard wa Uingereza ukigonga mwamba na kudunda ndani ya lango la Ujerumani, isipokuwa waamuzi. Miaka minne baadaye, Kombe la Dunia la Brazil lilichezwa chini ya kamera 14, saba kwa kila lango, za kutazama jambo hilo moja tu: mpira umevuka mstari au haukuvuka? Kriketi ilikuwa imetangulia, kwani mfumo wa Hawk-Eye uliingia huko mwaka 2001.

Mjukuu wangu ni fundi simu hapa kisiwani, na ndiye aliyenieleza jinsi kompyuta inavyoufuata mpira. Nilimwelewa kwa kumfikiria mnandi. Ndege yule huzama na kukuacha ukitazama maji matupu. Mtoto mgeni hukodolea macho pale alipozamia. Mtoto wa ziwa ameona ndege alikuwa akielekea wapi na kwa kasi gani, basi hutupa macho hatua kadhaa mbele na kungoja. Mnandi akiibuka pembeni kidogo, mtoto hurekebisha, na mara ya pili hukaribia zaidi. Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Huutafuta mpira katika kila picha, hukadiria utakuwa wapi katika picha ijayo, na miguu ya wachezaji ikiuficha huendelea kukadiria mpaka uonekane tena. Hesabu maarufu ya kazi hiyo ilichapishwa na Rudolf Kálmán mwaka 1960, na ilisaidia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Kamera nazo huwa nyingi kwa sababu moja peke yake haijui umbali. Mbili zilizowekwa mahali tofauti ndizo zinazoupata.

Hapo ndipo ninapotaka kuwarudisha vijana nyuma kidogo. Kwenye Kombe la Dunia kule Qatar mwaka 2022, kamera 12 chini ya paa zilimfuata kila mchezaji kwa pointi 29 za mwili wake, mara 50 kwa sekunde. Piga hesabu. Mtu wa mbio anaweza kwenda mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya picha moja na inayofuata amesogea sentimita 20. Pengo hilo linajazwa kwa hesabu. Kihisio ndani ya mpira, kinachopima mara 500 kwa sekunde, husaidia kujua wakati hasa ulipopigwa. Mashine inakadiria vizuri kuliko nilivyowahi kuona mimi na kibendera changu, lakini inakadiria. Kijana anayesema "mashine imesema" bila kujua hilo amerudi palepale tulipokuwa sisi na redio yetu.

Ila kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Mchezaji wa Liverpool anafuatwa hadi kidole cha mguu. Kijana anayemtazama kutoka Remba hafuatwi na yeyote. Kisiwa chetu ni mwamba uliojaa nyumba za mabati, ukuta kwa ukuta. Uwanja wa mita 100 utautandaza wapi? Nimeona hapa wavulana wanaokimbia juu ya mawe wakiwa pekupeku na mpira hauwatoki mguuni. Wanamalizia nguvu zao wakivuta nyavu, na hakuna hata karatasi iliyoandikwa kwamba waliwahi kucheza.

Na kuwaona si jambo lisilowezekana. Mwaka 2024 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na kampuni ya Intel walikwenda vijiji vitano vya Senegal, nchi inayoandaa Olimpiki ya Vijana mwaka 2026. Waliwapima watoto zaidi ya 1,000 kwa kamera na kompyuta, wakikimbia na kuruka, wapate kuwatambua wenye kipaji. Vijiji, nasema, si miji mikubwa.

Kaunti ya Homa Bay sasa ina Uwanja wa Raila Odinga, ulioandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2025. Nawaomba wanaousimamia, na viongozi wa mpira wa nchi hii, wasingoje watoto wa visiwani wavuke maji wenyewe. Leteni kamera mbili na mtu anayejua kuzitumia, mpite Mfangano, Takawiri, Ringiti na hapa Remba. Mashua na mafuta tutatoa sisi wazee.