Rangi ya Pikipiki ya Marehemu Baba

Katika nyumba moja ya askari polisi mjini Jinja, mahali ambapo Mto Nile huanza safari yake kutoka Ziwa Victoria, ilikuwapo pikipiki aina ya Honda CG 125 iliyoegemezwa chini ya kibanda cha mabati. Mwenyewe, sajini wa makamo, hakuinunua. Aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa polisi pia, na ambaye jamaa wa kijijini karibu na Tororo walimtambua kwa mlio wa injini ile na kwa wekundu wa tangi lake kabla hawajauona uso wake. Injini ilikuwa bado nzima, lakini rangi ilikuwa imechoka. Ilibanduka vipande vipande, na kuzunguka mdomo wa tangi, pale petroli inapodondoka kila siku ya kujaza, kutu ilikuwa imekwisha kujitokeza.

Ilibaki miezi miwili jamaa wakutane kijijini kumkumbuka marehemu baada ya mwaka mmoja. Sajini alimwahidi mama yake kwamba angefika siku hiyo juu ya pikipiki ya mzee, nayo ikiwa nyekundu kama zamani.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa la haraka. Alinunua makopo mawili ya rangi nyekundu ya kupuliza, akapitisha msasa juu juu, akapuliza jioni moja, na asubuhi tangi lilimeremeta hata majirani wakampongeza. Jumamosi ya pili baadaye, alipokuwa akijaza mafuta, petroli kidogo ilifurika na kuteremka ubavuni. Kabla hajapata kitambaa cha kufutia, rangi ilikwisha kulegea na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Alirudi nyumbani akiwa kimya, wala mkewe hakumwuliza kitu mpaka alipomaliza kula.

Kosa lake ni la watu wengi: kuichagua rangi kwa macho. Kumbe kuna maswali mawili yanayotangulia lile la wekundu au weusi. La kwanza, rangi hii itakutana na nini? La pili, itapakwa wapi, na ni nani atakayevuta hewa ya mahali hapo?

Kwa ajili ya pikipiki, aina zinazopatikana madukani ni tatu hasa. Ya kwanza ni rangi ya mafuta, ile ile ipakwayo milango na madirisha ya chuma. Hupakika vizuri kwa brashi, bei yake ni nafuu, nayo hung'ang'ania chuma kwa miaka. Udhaifu wake ni kwamba hukauka polepole, na petroli inayomwagika mara kwa mara huilainisha. Ya pili ni rangi ikaukayo upesi kwa sababu kiyeyusho chake, ambacho mafundi hukiita tina, huruka hewani kwa dakika chache. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita duko, jina lililotokana na Duco, rangi ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani iliiingiza katika viwanda vya magari mwaka 1923, ikapunguza kazi ya majuma kuwa ya siku chache. Lakini kilichokauka kwa kuondokewa na kiyeyusho huweza kuyeyushwa tena, na kwa hiyo petroli si rafiki yake. Tena, ikipulizwa siku ya mvua, hewa yenye unyevu huitia ukungu mweupe. Ya tatu ni rangi ya makopo mawili, ambayo huchanganywa na dawa ya kukazia muda mfupi kabla ya kupakwa. Hii haikauki tu, bali hushikana na kuwa kitu kigumu kipya, na ikikomaa kwa siku kadhaa petroli haiiwezi.

Muuza duka alimwonyesha sajini makopo yote matatu, kisha akaweka mkono juu ya lile la tatu.

"Afande, kwa tangi usihangaike," alisema. "Chukua hii. Utaisahau miaka kumi."

Sajini alilipa, akafika nyumbani na furaha yake. Mkewe aliligeuza kopo la dawa ya kukazia, akayasoma maandishi madogo yaliyo nyuma yake, akayasoma tena.

"Baba watoto, utapulizia wapi rangi hii?"

"Hapo nyuma, kibandani."

"Kibanda kile na dirisha la mtoto ni hatua nne."

Binti yao alikuwa na miaka sita, naye alikuwa na pumu. Mara mbili katika mwaka ule walikuwa wamekimbia naye hospitali usiku, mama akimbeba, baba akitangulia na tochi. Sajini alijibu kwa sauti ya mtu asiyependa kuzuiwa kwamba angefunga dirisha. Mkewe hakubishana. Aliliweka kopo mezani, maandishi yakimwelekea mumewe, akaenda kuanua nguo.

Usiku ule sajini aliyasoma mwenyewe, na kesho yake alikwenda kumwuliza fundi mkongwe wa rangi mjini. Fundi alimweleza bila kuficha. Dawa ile ya kukazia huwa na kemikali ziitwazo isosianati, nazo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu kwa mafundi wanaopuliza rangi. Ubaya wake ni kwamba zinaweza kudhuru zikiwa chache kiasi ambacho pua haizisikii, na mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzikataa, siku nyingine hata chembe kidogo humfunga kifua. Barakoa ya kitambaa ni bure mbele yake. Fundi mwenyewe alipuliza ndani ya chumba maalumu chenye feni ya kutoa hewa, akivaa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje.

"Wewe una kinyago hicho, afande?" fundi aliuliza.

Hakuwa nacho.

Ndipo sajini alipoigawa kazi. Fremu, stendi na madigadi, ambavyo havikutani na petroli ila kwa nadra, angevipaka mwenyewe nyumbani kwa brashi na rangi ya mafuta nyeusi. Hata hiyo ina harufu yake, kwa hiyo alizisubiri siku ambazo binti alikuwa kwa shangazi yake, akafanyia kazi uwanjani mbali na madirisha. Tangi angeliandaa yeye, kisha alipeleke kwa fundi likapulizwe kwa rangi ya makopo mawili. Bomba la moshi aliliacha kwa siku nyingine, maana hilo hutaka rangi yake ya kuhimili moto mkali, na rangi ya kawaida juu yake huungua. Wekundu hakuubadili, kama askari alijua kwamba rangi ya chombo ni mojawapo ya alama zilizoandikwa katika kitabu cha usajili, na kwamba anayeibadilisha hutakiwa kupeleka taarifa.

Kabla ya yote alilijaribu tangi kama fundi alivyomwelekeza: kitambaa cheupe chenye tina kidogo kilisuguliwa mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kitambaani, ni ya jamii ya duko. Ikijikunja, ni ya mafuta. Isipotikisika, ni ya kukazwa kwa dawa au kwa joto la kiwandani. Yake ilijikunja. Ilikuwa ya mafuta, na duko haipulizwi juu ya rangi ya mafuta kwa kuwa tina yake huivuruga iliyo chini. Hapana budi yote iondolewe.

Alilimwaga tangi petroli yote, akaliosha kwa maji na sabuni, akaliacha wazi nje hadi harufu ilipokwisha, kwa kuwa tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Kisha alikaa juu ya kigoda na msasa wa maji, ndoo pembeni. Hakusugua kukavu. Rangi za zamani, hasa nyekundu na za manjano, huenda zina risasi, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Tope lile alilikusanya juu ya magazeti, wala hakuliacha mahali ambapo watoto hucheza.

Msasa ulipozama, ilitokea jambo ambalo hakulitazamia. Chini ya wekundu ilionekana rangi ya buluu, laini, iliyopakwa kiwandani. Juu yake, ndani ya ule wekundu, kulikuwa na mistari myembamba ya nywele za brashi. Wekundu ule ambao kijiji kizima kiliujua haukutoka Japani. Mzee aliupaka kwa mkono wake.

Kazi ilikwenda polepole kuliko alivyohesabu. Zilikuja mvua, fundi alikuwa na foleni ya wateja, na baada ya kupulizwa tangi lilitakiwa kukaa juma zima likomae kabla ya kutiwa petroli. Siku ya kumbukumbu ilipofika, pikipiki ilikuwa bado kibandani bila tangi. Sajini alipanda basi pamoja na mkewe na watoto, akifikiri njia nzima maneno ya kumwambia mama yake.

Mama alitazama barabarani nyuma yao, kisha akamtazama mwanawe.

"Pikipiki iko wapi, mwanangu?"

Sajini alimweleza yote: petroli iliyofurika, kopo la dawa, kifua cha binti, foleni ya fundi. Alimweleza na buluu aliyoikuta chini. Hapo mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Baba yako alianza kuipaka wewe ukiwa tumboni," alisema. "Aliipaka nje ya ua, chini ya mwembe, kwa kuwa nilikuwa siwezi kuvumilia harufu yake. Ilimchukua miezi mitatu. Sasa wewe una haraka ya nini?"

Juma la tatu baada ya hapo, tangi lilifungwa mahali pake. Sajini alijaza petroli taratibu, na tone moja lilipoteremka ubavuni alilitazama bila kulifuta. Lilipita, likakauka, na wekundu ukabaki vile vile. Dirishani, hatua nne kutoka kibandani, binti yake alikuwa akimwangalia, akipumua vizuri.