Vunja Kipande Kwanza

Tanga

Mpwa wangu,

Kifua cha mama yako kimetulia, na dada yako amejifungua salama. Mengine watakusimulia wenyewe. Mimi nakuandikia kwa sababu ya tela.

Nimesikia, tena si kwa mdomo wako, kwamba geti ulilomuungia mtu huko Jeppestown, Johannesburg, liling'oka bawaba halijamaliza wiki, na kwamba sasa umekubali kumtengenezea bwana mwingine tela mbili za kubebea mchanga. Mama yako alinionyesha picha ya lile geti kwenye simu. Mshono umebenuka juu ya chuma, pembeni haukushika, na umejaa vitundu kama kitumbua. Geti likianguka, linaangukia uani. Tela hukatikia barabarani, na nyuma yake kuna gari lenye watoto wa watu.

Pale karakanani kwetu Gerezani, mimi ndiye niliyekuwa nakagua kazi zote. Tulikuwa na kijana mwenye mkono mzuri kutupita wote. Wateja wakija, humuulizia yeye. Siku moja nilipokuwa msibani akapewa kuunga mkono wa tela. Umeme wetu siku hiyo ulikuwa hafifu, akavuta wa duka la jirani kwa ekstensheni ndefu na nyembamba, nusu yake ikiwa bado imeviringwa chini. Mashine ikawa inakoroma, waya unagonga chuma na kusukuma nyuma bunduki ya kuchomelea. Akapunguza mwendo wa waya mpaka sauti ikatulia, akamaliza, akapaka rangi, tela ikaondoka.

Ilikatikia mteremko wa Kitonga. Dereva alipona. Utingo alikatwa mguu. Kile chuma kiliporudishwa nilikishika kwa mikono yangu: mshono ulikuwa umebanduka mzima mzima, na chini yake mistari ya grainda ilionekana wazi, kana kwamba imekatwa asubuhi ile. Chuma cha chini hakikuyeyuka hata chembe. Yule kijana hakushika tena bunduki ya kuchomelea, na hakuna aliyemlazimisha kuacha.

Kwa hiyo anza na umeme, usianze kuulaumu mkono wako. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani, kwenye ile plagi kubwa ya ampea 16. Kama huna budi kutumia ekstensheni, iwe fupi na nene, uinyooshe yote. Hata kama mgao wa umeme uliowatesa mwaka 2023 umepungua, nyumba yenye wapangaji wengi wanaopika kwa umeme jioni hushusha nguvu ya mashine. Unga asubuhi.

Kisha fungua ubavu wa mashine utazame nyaya zilivyofungwa. Umehamia waya usiotumia gesi, sivyo? Huo unataka bunduki iwe kwenye hasi na kibano kwenye chanya. Waya mtupu wa gesi ni kinyume chake. Mafundi wengi hubadilisha waya wakasahau kubadilisha nyaya, halafu wanashangaa cheche zinaruka kila upande na mshono hauingii. Kibano nacho kishike chuma kilichosuguliwa kikang'aa, si rangi, si kutu. Ncha ya shaba tundu lake likipanuka, itupe, ni ya bei ndogo. Magurudumu ya kusukuma waya usiyakaze sana, maana waya wenye dawa ndani ni laini na hubonyea. Ukirudi kwenye gesi, usichomelee kwenye upepo wa Agosti wa huko Johannesburg bila kujikinga kwa mabati, maana upepo huipeperusha gesi na ndipo vitundu huzaliwa. Bomba la zinki ling'oe zinki kwanza, na usivute ule moshi mweupe.

Nakurudisha kwenye tela. Mashine yako ni ndogo, ya nyumbani. Chuma cha milimita 6 haikiwezi kwa mshono mmoja. Lazima usage kingo zikae mshazari, upitishe mara mbili au tatu. Na sheria ya barabara ya huko, ya 1996, inamtaka mjenga tela awe amesajiliwa. Je, umesajiliwa? Wewe ni mgeni, mwanangu. Hatujasahau Mei 2008, mashambulizi dhidi ya wageni yalivyoanzia Alexandra yakaenea. Tela ya mwenyeji ikikatika wataulizana ni fundi gani. Ya kwako ikikatika wataanza kuuliza umetoka wapi.

Macho yako yafunike kila mara, hata kwa mshono wa nukta moja.

Kabla ya kuigusa tela, chukua vipande viwili vya chuma kilekile cha tela, uviunge upande mmoja tu, uvibane kwenye jiriwa, uvipige nyundo mpaka vikunjike au vikatike. Nitumie picha ya ndani, palipokatika, siyo ya juu. Nikiona mistari ya grainda nitajua, na tutaendelea kutafuta kasoro pamoja hadi tuipate. Kabla ya hapo usipokee hata randi moja ya yule bwana, na kama umeshapokea, mrudishie.

Mjomba wako