Ratiba na Ruhusa

Mji wa Bagamoyo haukujaliwa kupata reli. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya utawala wao na kuyapeleka Dar es Salaam, kwenye bandari ya kina kirefu, na reli nayo ikafuata kina cha maji. Ya kwanza ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ya pili, Reli ya Kati, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo, uliokuwa mlango wa misafara ya bara, ukabaki kati ya vichwa viwili vya reli pasipo kusikia honi ya hata kimoja. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilipokamilika mwaka 1963, nayo ilipita ndani ya nchi, ikauacha mji na minazi yake.

Hata hivyo ratiba za treni husomwa Bagamoyo, tena za mbali. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa hapo mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimelea wapiga ngoma, waigizaji, wachoraji na wanamuziki wanaoalikwa pande nyingi za dunia. Mwaliko wa Ulaya haukomi kwenye mji mmoja. Tamasha huwa Hamburg, warsha ikawa Basel, na rafiki wa zamani yuko Lyon. Ndege humfikisha msafiri kwenye mji wa kwanza. Iliyosalia ni kazi ya reli. Basi mtu huketi barazani, simu kiganjani, akaitafuta njia ya Hamburg mpaka Lyon hali miguu yake ingali mchangani. Wengine huitafuta kwa ajili ya mtoto anayesoma huko, au ndugu aliyeolewa huko.

Si kwamba pwani hii ilikuwa ngeni kwa ratiba. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na nahodha aliyechelewa kutweka tanga alikaa miezi akingoja upepo ugeuke. Ila ratiba ile ilihesabu misimu, haikuhesabu dakika. Mwezi Machi 1873 kampuni ya Thomas Cook ilichapa kitabu chake cha kwanza cha ratiba za treni za bara la Ulaya. Mwezi Mei mwaka huohuo David Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakaufikisha Februari 1874. Wakati ule msomaji wa London aliweza kufunua ukurasa akaona treni yake itamfikisha saa ngapi, na wale wabebaji hawakuwa na mtu wa kuwaambia watafika mwezi gani.

Kitabu cha Cook kiliendelea kuchapwa kwa jina hilo mpaka mwaka 2013, kisha wengine wakakiendeleza. Sehemu kubwa ya kazi yake sasa imo katika intaneti. Tovuti ya reli ya Ujerumani, Deutsche Bahn, huonyesha treni za nchi hiyo na za nchi nyingine nyingi za Ulaya, hivyo hufaa kutazamwa hata kwa safari isiyogusa Ujerumani. Lakini kuonyeshwa treni si kuuziwa tiketi yake. Tiketi ya Uhispania au ya Italia mara nyingi hununuliwa kwenye tovuti ya reli ya nchi yenyewe, na msafiri akajikuta ameiona njia nzima mahali pamoja, akainunua vipande vipande mahali pengine. Mwingereza Mark Smith, aliyepata kufanya kazi ya reli kwao, alifungua mwaka 2001 tovuti aliyoiita The Man in Seat 61, ili kuwaeleza wasafiri jambo hilo nchi baada ya nchi. Na bado ni miongoni mwa miongozo inayotegemewa sana.

Kuisoma ratiba hiyo ni kazi ya tafsiri, na mtego wake wa kwanza ni saa. Treni iliyoandikwa 07:05 huondoka saa moja na dakika tano asubuhi. Mswahili huhesabu tangu jua lichomoze na tangu litue. Ratiba ya Ulaya huhesabu tangu usiku wa manane. Atakayeisoma saba kuwa ni saba atafika stesheni mchana, saa sita baada ya treni kwenda zake. Mtego wa pili umo ndani ya huo wa kwanza. Treni ya usiku ya 00:20 tarehe ya Jumamosi, kwa mazungumzo ya watu, ni ya Ijumaa usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi. Anayenunua ya Jumamosi akidhani ataipanda Jumamosi baada ya chakula cha jioni, amenunua kiti kilichokwisha ondoka. Tena saa za huko husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hata Bagamoyo ukaitangulia Berlin kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa joto.

Mtego wa tatu ni majina. Mji ambao Waingereza huuita Munich hujiita München, na Vienna hujiita Wien. Katika Brussels stesheni moja ina majina mawili, Midi na Zuid, kwa kuwa mji una lugha mbili. Paris, kinyume chake, ni mji mmoja wenye stesheni kuu kadhaa: treni ya London hufika Gare du Nord, na treni za Lyon huondoka Gare de Lyon, na kati ya hizo mbili kuna safari ya mjini pamoja na mizigo, ambayo msafiri lazima aipe muda wake. Kwa washairi, kituo ni mstari wa mwisho wa ubeti, pale sauti inapotua. Ratiba ya treni nayo ina vituo, na anayekosea kituo ameiharibu beti nzima.

Akishaelewa, hununua. Hapa desturi za nchi hutofautiana. Treni za kasi za Ufaransa na Uhispania hazipandwi bila kiti kilichowekwa. Ujerumani, treni nyingi za kasi hupandwa kwa tiketi tu, na kiti huwekwa kwa malipo ya ziada kwa anayetaka. Bei za safari ndefu hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo anayewahi hulipa kidogo. Lakini tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida hufungwa kwenye treni moja tu, na aghalabu hairudishwi fedha. Tiketi moja inayofunika safari nzima humlinda abiria treni ya kwanza ikichelewa na kumkosesha ya pili. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali humwacha abebe hasara yake. Aliye na miji mingi huweza kununua pasi ya Eurail, inayotumika katika nchi 33 na kuuzwa kwa wakazi wa nje ya Ulaya, kwani Interrail ni ya wakazi wa Ulaya wenyewe. Na ni vema malipo yamalizike kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu benki nyingi hutuma namba ya kuthibitisha kwenye laini ya simu ya nyumbani, na laini hiyo yaweza kunyamaza ng'ambo.

Mpaka hapo, mtu wa Bagamoyo na mtu wa Berlin wako sawa. Wote wawili huiona treni ileile, kwa dakika ileile na kwa bei ileile, na wa Bagamoyo akiwahi zaidi ndiye atakayepata kiti cha rahisi. Katika historia yote ya safari baina ya pwani hii na Ulaya usawa huo haukuwahi kuwapo, wala si wa kudharauliwa.

Ila huishia hapo. Mtanzania anayekwenda nchi za Schengen huhitaji viza, na ombi lake hupokewa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala si kwa kuchelewa kupita siku 15. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na haimrudii anayekataliwa. Mwombaji huonyesha mpango wa safari yake: ataingia wapi, atalala wapi, atatoka lini. Hapo ndipo fundo lilipo. Reli humwambia anunue sasa, kabla bei haijapanda. Busara humwambia angoje jibu kwanza, maana tiketi ya rahisi hairudi. Akinunua mapema, hukisia jibu ambalo bado halijaandikwa. Akingoja, hulipa mara mbili au tatu ya alicholipa jirani yake wa kwenye behewa, ambaye hakuhitaji kumwomba mtu.

Tena kuna mipaka ambayo ratiba haiionyeshi. Treni ya Eurostar kutoka Paris hadi London huchukua kama saa mbili na robo, na katika ukurasa inafanana na treni nyingine yoyote. Lakini Uingereza haimo katika Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akipanda treni hiyo, hata kama viza ya Uingereza anayo, Paris harudi tena; ruhusa yake imekwisha alipotoka. Simu itamwonyesha treni ya jioni ya kurudi, na itamuuzia kwa furaha.

Wazee wa misafara walilielewa jambo hili vizuri, nao walilipa jina. Msafara uliotoka Bagamoyo ulilipa hongo kwa kila mtawala ambaye ulipita nchi yake. Hongo la siku zile halikuwa na aibu ambayo neno hilo limebeba leo. Ilikuwa ni ada ya njia, vitambaa na shanga na nyaya, na mazungumzo yake yaliweza kuchukua siku kadhaa. Mwenye msafara alijua kwamba njia na ruhusa ni vitu viwili. Njia ilikuwapo siku zote. Ruhusa iliombwa upya kila mpaka.

Aliyepimwa kwa mizani hiyo kuliko wote ni mtu wa Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Ndiye mwandishi aliyeitengeneza sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka 1905 wakasafiri pamoja kuja Afrika Mashariki. Meli ilikuwa na ratiba yake, nayo ikaitimiza. Serikali ya kikoloni ikakataa kumruhusu kushuka na mkewe, kwa kuwa yeye ni Mwafrika na mkewe ni mzungu. Wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, akazunguka miji akiwahutubia watu juu ya Afrika, akafariki Berlin mwaka 1927. Nchi iliyojaa reli ilimwachia azunguke atakavyo. Mlango uliofungwa ulikuwa ule wa pwani aliyozaliwa.

Kwa hiyo hadithi hii haimhusu mgeni wa Ulaya peke yake. Ruhusa yaweza kumkosekana mtu hata kwao, wenye nchi wakiwa wengine. Ndiyo maana inafaa kuitazama kwa makini tiketi ya karibu zaidi. Treni ya reli mpya kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Tiketi zake hununuliwa kwa simu. Mtu wa Kaole au Kerege humtajia muuzaji jina lake na namba ya kitambulisho, akachagua kiti, akalipa. Haulizwi ana fedha kiasi gani benki, wala atarudi lini, wala nani amemwalika. Atapanda basi mpaka mjini, kwa kuwa reli bado haijafika kwake, na atalalamika juu ya foleni ya Bunju kama kila mtu. Lakini tiketi aliyonayo ni timilifu: ratiba na ruhusa zimo katika karatasi moja.

Mtoro hakuipata tiketi ya namna hiyo kwa safari aliyoitamani. Msanii anayengoja jibu la viza leo, ukurasa wa treni za Lyon ukiwa wazi mbele yake na bei ikipanda kila wiki, anajua vizuri ni nusu ipi aliyonayo.