Hadithi moja, njia tatu

Wengi mnanicheka nikisikiliza metal. Eti kelele. Sawa, ila ngojeni niwaambie kitu.

Mwaka 2011 bendi ya Uholanzi, Within Temptation, ilitoa albamu inaitwa The Unforgiving. Nyimbo zake zinafuata hadithi moja: watu waliokufa na hatia moyoni wanakusanywa na mama mmoja, Mother Maiden, wawinde waovu ili kulipia makosa yao. Hadithi hiyohiyo ikatoka kwenye vitabu vya katuni alivyoandika Steven O'Connell, na kwenye filamu fupi. Usichokipata kwenye wimbo, unakiona kwenye picha.

Mimi yangu niliieleza mara moja tu, mezani, ikajazwa kwenye fomu. Nilisema tulikimbia usiku. Sikusema kwamba bibi aliniita na sikurudi. Fomu haikuwa na nafasi ya hatia.

Nyie mnaotuhoji, siku nyingine tuulizeni tena, taratibu, bila fomu. Na wewe mwenzangu, maneno yakikataa, imba au chora. Mimi nimeanza kumchora bibi. Uso bado unanishinda, ila mikono yake nimeipata.