Usiku Ambao Hakuna Kilichotokea

Kipupwe cha mwaka 2024 nilikuwa nikitoka nje saa 3 usiku, hapa Zuzu, kutafuta nyota isiyoonekana. Mashariki, taa za jiji la Dodoma zilikuwa zimeufifisha upeo wa anga. Lakini kaskazini, kati ya Arcturus na Vega, giza lilikuwa bado zito. Humo imo T Coronae Borealis.

Ni nyota mbili zinazozungukana. Iliyo ndogo hufyonza gesi ya haidrojeni kutoka kwa mwenzake aliyevimba, hata mzigo unapozidi hulipuka. Ililipuka mwaka 1866, kisha 1946. Wanafalaki walitarajia mlipuko mwingine mwaka huo. Ungetokea, nyota ingeonekana kwa macho matupu siku chache tu.

Kazi yangu ilikuwa kutazama na kuandika daftarini tarehe, saa, na neno moja: "haijaonekana". Ndivyo wafanyavyo wapenzi wa nyota duniani kote, na chama cha AAVSO cha Marekani kimekusanya kumbukumbu zao tangu mwaka 1911. Albert Jones wa New Zealand, aliyefariki mwaka 2013, aliacha zaidi ya nusu milioni. Neno "haijaonekana" ndilo humwambia mtaalamu kwamba hadi saa fulani mlipuko ulikuwa haujaanza.

Mwezi Agosti, kwa kusahihisha mitihani, nilikosa usiku sita. Nilipolifungua daftari nikashawishika kuyajaza mapengo. Nyota haikuwa imelipuka. Ingelipuka, dunia nzima ingejua. Ningekuwa nimesema uongo gani?

Nilikwisha kuandika tarehe ya kwanza nilipoikumbuka rejista ya mahudhurio ya ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi. Tuliisaini ya mwezi mzima siku moja, kwa kalamu moja. Nami nilisaini. Siku nyingi kati ya hizo tulikuwepo kweli, lakini rejista haikuweza tena kumshuhudia yeyote.

Nikaandika mara sita: "Sikutazama."

Ndugu watumishi wa umma, nanyi wanafunzi mtakaowarithi: sifuri iliyosomwa kwenye kipimamvua na sifuri iliyojazwa mezani hufanana karatasini. Katika mkoa huu wa ukame, atakayepanga chakula cha mwakani hana njia ya kuzitofautisha. Anayeweza ni yule aliyeshika kalamu peke yake.

Mwaka 2024 uliisha bila mlipuko. Daftari ninalo, pamoja na mapengo yake sita.