Maua ya Harusi katika Joto la Maskati

Jamaa wanaotengeneza kitabu chetu wameniomba niandike namna tunavyoyatunza maua ya harusi yasinyauke, kwa kuwa nyumba yetu imeshapamba meza za harusi nyingi hapa Maskati. Nimekubali kwa furaha, maana wanaoijua kazi hii kwa mikono yao wanapungua, na vijana wetu wamezoea kununua maua ya plastiki.

Sisi tuliotoka Unguja tumekulia katika harufu ya asumini, kilua, mlangilangi na rihani. Vikuba vilikuwa vikiuzwa mjini, na bibi harusi hakutoka bila ya koja. Tulipofika hapa mwaka 1974, miaka kumi baada ya mapinduzi, swali la kwanza la mama yangu juu ya nyumba lilikuwa kama pana pahala pa kupanda asumini. Alikuwa na sababu yake. Dada yangu mkubwa aliolewa Dar es Salaam mwaka 1965, harusi ya haraka na ya watu wachache, bila ya ua hata moja. Mama hakulisahau jambo hilo mpaka alipofariki. Akatuwekea sharti: mtoto wa nyumba hii haolewi tena bila ya maua mabichi.

Sharti hilo si jepesi hapa. Unguja hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka; Maskati hupata kiasi cha 100 tu, na mwezi wa Juni joto hupita digrii 40. Kilua na mlangilangi ni shida kuvipata. Lakini asumini hukubali ikimwagiwa maji, rihani ndiyo kabisa, na mawaridi ya Jabal Akhdar huchanua baina ya mwisho wa Machi na Mei. Hayo ni ya kutolea marashi, na huchanguka upesi. Sisi huyachambua tukayatawanya juu ya meza. Ya kusimamisha ni yale ya dukani yenye mashina marefu.

Asumini huchumwa alasiri, ingali tumba, kwa sababu huchanua usiku. Kikonyo chake ni kifupi, hakifai kutiwa majini. Itandaze juu ya kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, uifunike kwa kingine, uitie chini ndani ya friji, mbali na barafu, kwani ikigusa barafu huungua ikageuka rangi. Itoe saa moja kabla ya wageni. Joto la ukumbi litaifungua, na hapo ndipo inaponukia.

Mawaridi yapate siku moja kabla. Yakate mashina kwa mshazari, kwa kisu kikali, na uondoe majani yote yatakayozama, kwani huoza yakazaa vijidudu vinavyoziba mashina. Katika lita moja ya maji tia kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: sukari ni chakula, dawa huzuia vijidudu. Yalaze ndani ya ndoo pahala pa baridi na giza. Usiyaweke karibu na ndizi au maembe mabivu, kwani matunda yakiiva hutoa hewa inayoyazeesha maua. Wala usiyaweke mbele ya upepo wa mashine ya baridi. Huyakausha kuliko jua.

Kwa meza tumia bakuli pana na fupi, wageni waonane nyuso. Maji vidole viwili, rihani pembeni, mawaridi matano kati, asumini mwisho kabisa.

Hivi karibuni alipoolewa mjukuu wa dada yangu tulikuwa na meza 20. Usiku wa kuamkia harusi tulikaa wanawake saba juu ya mkeka tukitunga makoja. Dada haoni vizuri tena. Alitia tumba katika uzi kwa kupapasa tu. Koja la kwanza alilomaliza alilivaa mwenyewe, akasema, "Na mimi leo nimepata langu."

Kina mama wenzangu, waiteni mabinti mkekani wangali wadogo. Na mwenye kujua namna ya kuotesha kilua katika udongo huu, tafadhali atuandikie kitabu cha mwakani.